Toba Ianzie Jikoni: Somo la Ndoa Kutoka kwa Ndugu wa Uamsho



Nimeombwa kuzungumza juu ya imani na ndoa. Mada hii imezungumzwa sana, na mara nyingi huzungumzwa kwa lugha ya siku ya harusi: mume ampende mke, mke amheshimu mume, wasali pamoja, walee watoto katika Bwana. Yote hayo ni kweli na kila mmoja wenu ameshayasikia. Lakini wanandoa wanaogonga mlango wa mchungaji wakiwa wamechoka hawajasahau mafundisho hayo. Wanayajua kwa moyo. Wasichokijua ni namna ya kurudiana baada ya kukoseana, na wamekoseana jana, wamekoseana juzi, na wiki ijayo watakoseana tena.

Kwa hiyo leo nimechagua jambo moja tu: toba kati ya mume na mke. Ninaamini kwamba ndoa ya Kikristo husimama kwa toba hiyo ndogo ya kila siku, na inapokosekana, hata maombi ya mfungo hayaishikilii nyumba. Tena ninaamini kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki tuliwahi kufundishwa somo hili vizuri, na wazee wetu wenyewe, nasi tumeliacha nyuma.

Wazee waliotutangulia

Septemba 1929 watu wawili walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala. Mmoja aliitwa Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Mwingine alikuwa Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Wote walikuwa Wakristo tayari, na wote walikuwa wanasikia ukavu rohoni. Wakafungua Biblia, wakasoma na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu kama ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo enzi zile halikuonekana kila siku.

Moto ule ulishika Gahini, ambako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 wahudumu wa hospitali, walimu na wanakijiji walianza kutubu waziwazi, kurudisha walivyoiba na kuwaendea majirani waliowachukia. Mwaka 1935 ukafanyika mkutano mkubwa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Kigozi alifariki mapema mwaka uliofuata akiwa bado kijana, lakini ujumbe ulikuwa umeshatoka mikononi mwa mtu mmoja. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha ulikuwa umeingia Kenya na Tanganyika, na upande wa Bukoba ukapata makao makubwa. Waganda waliwaita watu hawa Balokole. Huku kwetu waliitwa walokole, au Ndugu wa Uamsho.

Tunawakumbuka kwa majina makubwa yaliyotoka kwao. Erica Sabiti, askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa Anglikana la Uganda, Rwanda na Burundi. Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977. Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka huohuo wa 1977 alichaguliwa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Festo Kivengere, mwalimu aliyefundisha Dodoma kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa askofu wa Kigezi na mhubiri aliyejulikana duniani kote.

Ni haki kuwakumbuka. Ila tukiwatazama katika mimbari na mikutano tu, tutakosa sehemu kubwa ya kazi yao. Uamsho ulifanya kazi yake nzito zaidi majumbani, kati ya mtu na mkewe, mahali pasipo na kwaya wala kipaza sauti.

Kilichobadilika nyumbani

Chukueni habari ya kuku. Katika jamii kadhaa za Uganda wakati ule, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Alimfuga kuku, akamchinjisha, akampika, akampakulia mume na wageni wake, yeye na binti zake wakala kingine. Mume alikula peke yake au na wanaume wenzake. Ndugu wa Uamsho waliivunja miiko hiyo kwa makusudi. Wanawake waliookoka walianza kula kuku na mayai, na mume na mke wakaanza kukaa pamoja wakala chakula kimoja.

Wengine waliona ni utovu wa adabu, na kulikuwa na ugomvi katika koo. Lakini walokole walikuwa na hoja iliyonyooka. Ikiwa msalaba umetuondolea dhambi mimi na mke wangu kwa damu ileile, na kanisani tunapokea mkate mmoja, kwa nini nyumbani kwangu pawe na chakula asichostahili? Imani yao iliwalazimisha kupanga upya mkeka wa kulia. Mume hakuweza tena kuitoa toba Jumapili na kuificha Jumatatu.

Jambo la pili lilikuwa lile waliloliita kutembea nuruni, wakifuata Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1 mstari wa 7. Katika vikao vyao vya ushirika kila mmoja alitoa ushuhuda, na ushuhuda ulitakiwa uwe wa karibu. Aliyesimama kueleza jinsi alivyookoka miaka mingi iliyopita aliulizwa, Na wiki hii je? Alitakiwa aseme Bwana amemwonyesha nini tangu walipoachana: wivu kazini, uongo sokoni, neno kali alilomtupia mke wake alfajiri. Na mke huyo mara nyingi alikuwa ameketi palepale, akisikiliza. Mtu hakuweza kutoa ushuhuda mzuri wakati msomaji wa maisha yake yuko safu ya pili.

Askofu Kivengere alikuwa na habari moja aliyoisimulia juu yake mwenyewe. Naieleza kwa maneno yangu. Alikuwa amekwaruzana na mkewe Mera, na saa ya kwenda kuhubiri ikawa imekaribia. Akasikia Roho Mtakatifu anamwambia moyoni arudi kwanza akaombe pamoja na mkewe. Akajitetea kwamba muda umekwisha, watu wanamngoja. Jibu alilolisikia likamchoma: basi wewe nenda kahubiri, mimi nitabaki jikoni na mke wako.

Ndugu zangu, tuibebe habari hii kwa uzito wake. Mhubiri huyu alikuwa na mahubiri tayari. Biblia ilikuwa mkononi, mkutano ulikuwa umejaa. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni Bwana mwenyewe, aliyekuwa upande wa mtu aliyeumizwa. Mtume Petro aliliandika jambo hili katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3 mstari wa 7, kwamba jinsi mume anavyokaa na mkewe inaweza kuyazuia maombi yake. Na Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5, alimwagiza mwenye kuleta sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende apatane na ndugu yake, kisha arudi. Sisi tumezoea kumtafuta ndugu huyo mbali, kwa jirani wa shamba au mfanyakazi mwenzetu. Ndugu wa karibu kuliko wote ni yule anayelala kitanda kimoja nawe.

Sura ya toba

Sasa tuulize: toba hii inafananaje? Maana tunayo mambo mengi yanayojiita toba. Mume anamletea mke kitenge baada ya ugomvi, wala hasemi neno. Mke anarudisha salamu baada ya siku mbili za kununa, maisha yanaendelea. Hayo ni mapumziko ya vita. Kosa lisilotubiwa ni deni linalozaa riba. Kila ugomvi mpya unakuja na hesabu ya zamani, ndiyo maana mnaanza kugombania chumvi kwenye mboga na kabla ya dakika kumi mmefika kwenye msiba wa mwaka juzi.

Toba ya kweli kwanza hulitaja kosa kwa jina lake. Anayesema "kama nimekukosea, nisamehe" bado hajakiri kitu; amemwachia mwenzake kazi ya kuthibitisha. Sikieni tofauti yake na hii: "Mama Neema, mwezi wa nane nilichukua mkopo wa kausha damu, nikaweka friji dhamana. Ulipouliza fedha zimetoka wapi nikakwambia ni za kikoba. Nilikudanganya." Au hii: "Baba Neema, nilikaa na dada zangu nikawasimulia ulivyosimamishwa kazi, nikawachekesha kwa aibu yako. Nimekosa." Maneno haya ni machache na ni mazito kuyatamka. Uzito huo ndio dawa yenyewe, kwa sababu anayeyatamka anashuka, na anayeyasikia anajua kwamba hakuwa anawaza mambo yasiyokuwapo.

Pili, toba hukiri kosa la anayetubu, haikiri la mwenzake. Tangu bustani ya Edeni tunajua njia ya mkato. Katika Mwanzo 3 Adamu aliulizwa swali juu yake, akajibu juu ya mwanamke, tena akamtia Mungu lawamani kwa kumpa mwanamke huyo. Ndugu wa Uamsho waliujua ujanja huu. Katika ushirika wao mtu alifika msalabani na dhambi yake mwenyewe. Kwa hiyo ukisema "nilikufokea, lakini na wewe ulinichokoza", toba yako imekufa pale kwenye "lakini". Hata kama kweli alikuchokoza, hiyo ni ya kwake, na Mungu ana njia ya kuongea naye.

Tatu, toba hutengeneza. Zakayo, katika Luka 19, hakuishia kulia. Alitaja kiasi atakachorudisha. Walokole nao walirudisha mali walizoiba kwa waajiri, kwa misheni na kwa serikali, na wengine waliogopa kwamba watafungwa, wakaenda hivyohivyo. Nyumbani kutengeneza kuna sura zake. Aliyeficha mkopo aweke karatasi zote mezani, wapange pamoja namna ya kulipa. Aliyemvunjia mwenzake heshima mbele ya ndugu arudi kwa ndugu walewale akarekebishe. Aliyetoka nje ya ndoa avunje mawasiliano yote, na akubali waende pamoja kupima virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine kabla ya kudai haki ya kitanda. Toba inayohatarisha afya ya mwenzako haijakamilika, hata ukilia namna gani.

Nne, kuna kazi ya anayeombwa msamaha, nayo si nyepesi. Kivengere na Mera walilazimika kuikimbia Uganda mwaka 1977, baada ya Luwum kuuawa. Mwaka huohuo Kivengere alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Aliyekuwa amejifunza kusamehe na kusamehewa jikoni alikuwa na mazoezi ya kutosha alipofika kwenye jaribu kubwa kuliko yote. Lakini tusiwadanganye wanandoa. Kusamehe ni uamuzi wa kutolipiza na kutolitumia kosa kama fimbo. Kuaminiana tena huchukua muda. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Anayetubu amvumilie mwenzake anapouliza swali lilelile kwa mara ya tano. Kuvumilia huko ni sehemu ya toba.

Mahali pa kuwa waangalifu

Nimewasifu wazee wetu, na ni wajibu niseme pia walipojikwaa. Desturi ya kukiri hadharani ilizaa matatizo. Wapo waliokiri mambo ya chumbani mbele ya umati, wakawaaibisha wake zao na watoto wao ambao hawakuombwa ruhusa. Wapo waliompima kila mtu kwa kukiri kwake, wakamwona asiyekiri kwa mtindo wao kuwa hajaokoka. Baadaye yakaja makundi na mafarakano juu ya nani ameamka kweli. Kanuni ya busara ni kwamba kosa likiriwe kwa upana ule lilioumiza. Lililoumiza mke likiriwe kwa mke. Lililoumiza familia likiriwe kwa familia. Lililodhuru kanisa ndilo lije kanisani.

Onyo la pili ni kubwa zaidi, nami naomba wazee wa kanisa wanisikilize. Neno la toba na msamaha lisitumike kumrudisha mtu mahali pa kipigo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Hata kabla ya sheria hiyo, nabii Malaki katika sura ya 2 aliwaambia wanaume wa Israeli kwamba Mungu amezikataa sadaka zao, ingawa waliilowesha madhabahu kwa machozi, kwa sababu walimtendea hiana mke wa ujana wao. Mwanamke anayepigwa akija kwenu, ulizeni kwanza yuko salama au la. Mpatieni mahali pa kulala, mpelekeni hospitali, msindikizeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mume akisema ametubu, toba yake ionekane kwa muda mrefu, chini ya uangalizi, huku mkewe akiwa salama. Msamaha ni wa mwenye kuumizwa kuutoa kwa hiari yake. Hakuna mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kuudai kwa niaba ya mpigaji.

Siku kwa siku

Tukishayajua hayo, tuyaingize katika ratiba ya nyumba. Waefeso 4:26 unatuonya jua lisituzamie tukiwa na uchungu. Basi kila usiku kabla ya kulala, simu zikiwa chini, kila mmoja aseme mambo matatu: shukrani moja kwa jambo ambalo mwenzake alifanya leo, kosa moja lake mwenyewe kama lipo, na haja moja ya kuombewa. Kisha mmoja aombe kwa ufupi. Kazi hii haihitaji hata robo saa. Wanandoa waliotenganishwa na kazi, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dodoma, waifanye kwa simu, na wasiridhike na ujumbe wa maandishi, kwa sababu sauti haifichi yale ambayo maandishi yanaficha.

Mara moja kwa mwezi, fungueni hesabu. Kila mmoja aonyeshe salio la benki na la simu, michango ya kikoba, madeni, na fedha alizotuma kwao. Uongo mwingi wa ndoa za siku hizi unaanzia katika fedha ndogondogo, na nuru ikifika huko mapema, mambo makubwa hukosa pa kujificha.

Kuleni pamoja, hata kama ni mara chache kwa wiki. Wale bibi zetu waliokula kuku kwa mara ya kwanza mbele ya waume zao walilipa gharama ya kusemwa vibaya. Sisi tumerithi ruhusa ile, kisha mume anakula baa, mke anakula amesimama jikoni, watoto wanakula mbele ya televisheni.

Watoto nao waione toba. Mzazi aliyemchapa mtoto kwa kosa la mwingine amwite, ainame, aseme, "Mwanangu, nilikuonea." Mtoto huyo haondoi heshima yake kwa mzazi. Anajifunza kwamba mkubwa pia anasimama chini ya Mungu, na kesho akiwa mume au mke atakuwa na mfano wa kuufuata.

Tena msitembee peke yenu. Nguvu ya Ndugu wa Uamsho ilikuwa katika ushirika mdogo wa kila wiki, watu wachache wanaojuana kwa majina na kwa udhaifu. Siku ya harusi mlikuwa na wasimamizi wa ndoa. Wengi wetu tuliwachagua kwa sababu wanapendeza kwenye picha au wana gari. Rudini kwao, waombeni wafanye kazi ile waliyoapa kuifanya. Familia tatu au nne zikikutana mara mbili kwa mwezi, zikasoma Neno na kuulizana kwa upendo hali za nyumba zao, matatizo mengi yatapata msaada kabla hayajafika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Nani aanze?

Swali hili huulizwa kila mahali: kama tumekoseana wote wawili, nani aombe radhi kwanza? Akina baba, nawajibu ninyi. Tunapenda kuikumbuka Waefeso 5 mahali inaposema mume ni kichwa. Someni mistari iliyotangulia na inayofuata. Mstari wa 21 unawataka waumini wote wanyenyekeane, na mstari wa 25 unakipima kichwa hicho kwa Kristo, aliyejitoa kwa ajili ya kanisa wakati kanisa lilikuwa bado na makosa yake. Hakungoja kuombwa radhi ndipo asogee. Kama wewe ni kichwa, hiyo ndiyo nafasi yako ya kutangulia: uwe wa kwanza kushuka, wa kwanza kusema "nimekosa", wa kwanza kuweka karatasi mezani. Na wewe mama, ukiona mwenzako anasitasita, neema haijakukataza kutangulia.

Jumapili ijayo tunashiriki Meza ya Bwana. Zimebaki siku za kutosha. Kila mmoja wenu anajua neno analopaswa kulisema, na anajua ni nani anayelisubiri. Akalisemee nyumbani kwanza, kisha aje mezani.